Mstari Uliopita Mbele ya Mlango Wetu

Tulimzika wifi yangu Mariamu mwezi uliopita, siku ya mvua nyembamba iliyoanza alfajiri na haikukata. Wanawake tulikaa ndani juu ya mikeka, wanaume nje chini ya turubai, na dirisha halikuwa na pazia, kwa hiyo kila kilichosemwa nje kilitufikia pamoja na harufu ya sigara. Baada ya dua alisimama mzee mmoja ambaye zamani alikuwa kijana wa chama pamoja na shemeji yangu Idi, kaka yake Mariamu. Nilimtambua kwa sauti kabla ya kumwona. Akasema watu wa siku hizi hawajui familia ni nini. "Mwaka ya indépendance," akasema, "Wazungu walipitisha mustari ya kura mbele ya mulango ya hii familia. Wengine wangehama palepale. Hawa walikatala! Juu ya nini? Juu ndani ya nyumba kulikuwa mujane mumoja, iko ndani ya eda, na mujane wa eda hahamishwe. Bon, wote wakabakia naye, mukubwa na mutoto. Ile ndiyo familia." Wanaume wakaitikia kwa kuguna. Mjukuu wa Mariamu, msichana aliyekuwa akigawa chai, akaniinamia mimi bibi yake na kuuliza, "Koko, ule mujane ulimujuaka?" Nikamjibu kwamba nilimjua kidogo. Akaniongezea sukari.

Sikumkatiza yule mzee, kwa sababu msibani si mahali pa kusahihishana. Lakini nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ya mwanamke wa umri wangu ni kitu cha kuchekesha, haina pa kwenda. Niliosha masufuria yaliyokuwa safi. Mjane yule ni mimi. Nilikuwa sijatimiza hata miaka ishirini, na mume wangu Yusufu, fundi wa boti pale bandarini, alikuwa ametoka kufa kwa homa iliyomchukua haraka. Niliyoyaona mwaka ule niliyaona kupitia pazia moja na nafasi nyembamba kati ya mbao za dirisha. Ni uwanja mdogo wa kuangalia uhuru wa nchi, lakini ndio niliopewa, na nilichokiona nimekiona.

Nyumba yetu hapa Kisangani ilikuwa ya wangwana wa zamani, Waislamu wa misafara ya biashara, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, vyumba vimepangwa kuuzunguka ua. Mbele kulikuwa na barabara pana, nyuma kulikuwa na mfereji uliobeba maji ya mvua kwenda mtoni. Aliyekuwa mkubwa wa nyumba ni Idi, fundi cherehani, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Mkewe, Mama Saada, alitawala jiko. Mariamu, dada yao Idi na Yusufu, alikuwa ameachika na kurudi na mtoto wake mdogo wa kiume, Amisi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mimi nilikuwa chumba cha kona, katika kitambaa cheupe, bila manukato, bila wanja, nikikaa eda yangu ya miezi minne na siku kumi katika nyumba ile ile ambamo kifo kilinikuta. Ndivyo tulivyofundishwa: kizuka, mjane wa eda, haondoki. Dunia ndiyo inayopita mlangoni kwake.

Na mwaka ule dunia ilipita kweli. Wiki za mwanzo za eda yangu sebule iligeuka kuwa mahali pa mikutano ya chama. Cherehani ya Idi ilisukumwa ukutani, mabenchi yaliazimwa shule ya misheni, na pazia la maua likatundikwa kati ya sebule na ua ili mimi nisionekane. Waliotundika pazia walidhani pia limezuia sauti. Nilijua vikohozi vya watu ambao mpaka leo sijui sura zao. Nilijua nani huafiki kila kitu, nani huja kwa ajili ya chai. Katibu wao alikuwa Tonton Benoît, mwalimu, Mkristo wa Yanonge, aliyesema Kifaransa kama anakitafuna na ambaye kila akipita uani kwenda chooni aligeuzia uso wake ukutani na kusema, "Pole, mama," ili asinivunjie eda. Hakuna Mwislamu hata mmoja wa kikao kile aliyekumbuka kufanya hivyo. Sisi wanawake hatukuwa na kura mwaka ule. "Kura iko ya wanaume," Mama Saada alikuwa akisema huku akitwanga ndizi na muhogo wa lituma, "lakini waangalie kama itapigwa bila kula." Mariamu na mimi tulicheka mpaka tukanyamazishwa. Ninapokumbuka furaha yangu ya miezi ile naona aibu kidogo, maana Yusufu alikuwa kaburini hata udongo haujakaa, lakini ni kweli, sikuwa mpweke. Nyumba ilijaa. Usiku Mariamu alikuja kulala kwenye mkeka wangu na Amisi katikati yetu, na mtoto alikuwa na tabia ya kushika sikio langu mpaka asinzie.

Ndipo habari za mstari zikafika. Tonton Benoît alizileta mchana wa joto, hata kabla ya kuketi. Serikali ilikuwa imegawa mji upya katika sehemu za uchaguzi, na sehemu yetu, ambayo wote walidhani itaishia kwenye mfereji wa nyuma kama mtaa ulivyoishia siku zote, iliishia kwenye barabara ya mbele. Safu yetu ya nyumba, iliyobanwa kati ya barabara na mfereji, ilihesabiwa upande wa pili, pamoja na watu wa kambi ya wafanyakazi waliokuwa wa chama kingine kabisa. Na Idi ndiye chama kilichomchagua asimame katika sehemu ile ya kwanza, ambako kila mtu amevaa suruali aliyoshona yeye. Sheria ilimtaka mgombea awe mkazi wa sehemu anayoigombea. Kwa hiyo Idi, akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, ametoka nje ya sehemu yake.

Kelele za siku ile! Mmoja alisema Mzungu amefanya makusudi ili kuwapunguza nguvu. Mwingine alisema Mzungu hana akili ya makusudi hiyo, ameona barabara imenyooka kwenye ramani akaipenda. "Lakini mufereji ndiyo mupaka!" Idi alipiga kelele. "Tangu baba yetu. Ngambo ya mufereji tunasalimia, ngambo ya barabara tunaoana!" Tonton Benoît akamwambia, "Papa Idi, ile sentensi iko nzuri, lakini haiko sheria." Wakabishana mpaka sufuria la chai likapelekwa mara ya tatu. Nilikuwa nyuma ya pazia nikimsugua Amisi mafuta ya mawese kifuani kwa sababu ya kikohozi, na nilifuatilia kila neno kama mtu anayesikiliza mpira. Sikujua kwamba mstari wanaoubishania utanikata mimi na watu wangu.

Siku mbili tatu baadaye Idi alipata dawa. Rafiki yake aliyehamia Bunia alikuwa ameacha nyumba tupu ng'ambo ya barabara, karibu mkabala na yetu, yenye sakafu ya saruji na bomba la maji uani. Atahamia huko, awe mkazi wa sehemu yake, mambo yaishe. Lilibaki jambo moja dogo, na jambo dogo hilo lilikuwa mimi. Idi hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kwa mwalimu wa msikiti kuuliza kama kizuka anaweza kuhamishwa kabla ya siku zake. Mwalimu akauliza, je, kuna hatari ndani ya nyumba, moto, mafuriko, wezi? Idi, ambaye hata mbele ya chama alijua kusema uongo kidogo, mbele ya mwalimu alisema kweli: hakuna hatari. Basi, akasema mwalimu, hahami.

Alikuja kusimama nje ya mlango wangu kunieleza. "Shemegi, ni barabara tu. Ukiita, tunasikia. Mariamu ataleta chakula kila siku. Ni kwa ajili ya kura, kisha tutaona." Nilijibu, "Hakuna shida, shemegi." Ningejibu nini? Nilikuwa mjane katika nyumba yao, na sauti ya kizuka haipandi. Mariamu alilia wakati wa kufunga mizigo, nikamwonea huruma, nikamsaidia kukunja mashuka. Mkeka wake aliuchukua pia. Alisema ng'ambo hakuna hata mmoja.

Sijui nieleze vipi nyumba iliyotolewa watu. Kwanza sauti zangu mwenyewe zilinishtua, kikohozi changu, kijiko changu kikigonga sahani. Kinu kilikuwa kimehamishwa, kwa hiyo mchana hapakuwa na ule mdundo wa lituma ambao hata usipokuwa na njaa unajua kuna mtu anakuandalia. Sebule ilibaki na benchi moja bovu na vipande vya nyuzi sakafuni. Nilivifagia siku ya kwanza, kisha nikajuta, kwa sababu kesho yake hapakuwa na cha kufagia. Ng'ambo niliona taa yao kupitia mbao za dirisha, taa ya umeme wa maporomoko ya Tshopo, nyeupe, na nilisikia vicheko bila kusikia kilichochekesha. Huo ndio upweke ninaoujua mimi. Wengine husimulia upweke wa ugenini. Wangu ulikuwa wa kusikia watu wangu wakicheka ng'ambo ya barabara na kutojua kwa nini.

Mariamu alikuja kweli kila siku, mwanzoni. Alikaa, akanisimulia mkutano, akaniigia sauti ya kila mtu. Halafu akawa anakuja na kusimama. Halafu sahani ikawa inawekwa jikoni nami nikisikia tu kandambili zake zikiondoka, akisema kwa mbali, "Wifi, chakula iko pale, niko na haraka!" Alikuwa na haraka kweli. Chama kilikuwa kimempa kazi ya kushona bendera na wanawake wenzake, na mtu mmoja wa chama, ambaye baadaye alimwoa, alikuwa akipita pale kuuliza habari za bendera mara nyingi kuliko bendera zilivyohitaji. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Msichana aliyeachika amepata tena pa kuchekea. Lakini nilimngoja. Kila mchana niliijua saa ya kandambili zile, na nilijipanga kuketi karibu na mlango wa jiko kana kwamba nimekaa tu.

Kisha mambo yakaharibika kwa Idi. Chama cha pili kilipinga jina lake: sheria haikuhesabu nyumba mtu aliyohamia juzi, mgombea lazima awe amekaa mahali pake siku nyingi. Kwa hiyo alikuwa amehama bure. Mbaya zaidi, kule kuhama kulionyesha kwamba yeye mwenyewe amekubali mstari. Sasa njia ilikuwa moja: mstari urudi kwenye mfereji, na Idi aonekane hajatoka kabisa katika nyumba ya baba yake. Nilipata habari hizi kwa sababu walikuja kuzijadili kwetu, sebuleni, kwa mara ya kwanza tangu wahame, labda ili kufanya mazoezi ya kuwa hapo. Nilitandaza mkeka wangu karibu kabisa na pazia.

Tonton Benoît alikuwa akiuliza kuhusu eda. Aliuliza kama mwalimu, swali moja baada ya jingine. "Donc mujane hawezi kutoka? Hata akitaka? Na nyumba haiwezi kumuacha peke yake?" Idi akasema, "Haifai. Iko mbaya sana kwetu kumuacha kizuka peke yake." Nilisikia benchi likilia mtu alipobadilisha namna ya kukaa. "Bon," akasema Benoît polepole, "alors tunaandika vile. Familia haiwezi kuhama juu ya eda. Mgombea amefungwa mu nyumba na dini yake, na mustari inamukata kwa watu yake. Mzungu anaogopa kugusa mambo ya dini mwaka huu." Wakafurahi, wakampigia makofi. Mtu akasema mjane huyu ni baraka ya chama. Benoît hakucheka nao. Alipopita uani aligeuzia uso ukutani kama kawaida yake, lakini badala ya pole alisema, "Mama, unisamehe." Nadhani yeye peke yake ndiye aliyesikia walichokisema.

Komisheni ya uchaguzi ikajibu kwamba itakuja kuangalia kwa macho. Siku moja kabla, Mariamu alikuja na akaketi. Aliketi kama zamani, magoti yake yakigusa yangu, akanisuka nywele. "Watakuuliza, wifi. Nyuma ya pazia, hawatakuona. Watauliza nani anakaa hapa. Useme tuko wote, hatukutoka hata siku moja." Nikamuuliza, na mstari ukirudi? "Mustari ikirudia, na siye tunarudia. Tutaenda wapi tena? Kwetu ni hapa." Nikamwambia aape. Akacheka, akasema, "Kweli ya Mungu, wifi, tutalala hapa." Vidole vyake vilikuwa vya joto kichwani mwangu, na nilikuwa tayari kuwaambia Wazungu wote wa Kongo chochote alichotaka.

Walirudi asubuhi na kila kitu. Kinu, mikeka, cherehani, kuku wawili, picha ya babu. Mama Saada aliwasha jiko na kunikaripia kwa kuacha masizi yajae, nikafurahi kukaripiwa. Harufu ya vitunguu katika mawese ilijaa nyumba nzima. Idi alinyoosha suruali akiimba. Amisi, ambaye sasa alikimbia, alipita vyumba vyote akigonga milango, kisha akasimama mbele yangu akaniangalia sana, na nikaogopa kwamba amenisahau. Akanyoosha mkono akashika sikio langu. Nilifunika uso wangu kwa nguo yake ili asinione nikilia.

Gari la komisheni lilifika kabla ya adhuhuri, Mzungu mmoja wa wilaya na karani wake, kijana wa Isangi. Walipima kwa macho barabara, wakaenda kuangalia mfereji, wakahesabu mikeka. Kisha karani akaja mbele ya pazia akatafsiri. "Mama, samahani kwa msiba. Bwana anauliza: katika hii nyumba unakaa na nani?" Nyuma yake Mama Saada aliacha kutwanga. Nikiwa na Amisi mapajani, nikasema, "Na familia yangu. Idi, Mama Saada, Mariamu, na huyu mtoto." Karani akauliza, "Hawakukuacha hata siku moja?" Nilisema hapana, hawakuniacha. Na niseme jinsi ilivyokuwa: nilipotamka sikusikia kama ninadanganya. Niliwasikia wote wakipumua upande wa pili wa kitambaa, nikaamini kwamba zile wiki ndizo zilizokuwa uongo na siku hii ndiyo kweli.

Mzungu alifungua ramani juu ya boneti ya gari na palepale akachora mstari mpya kwenye mfereji. Nilimwona kupitia mbao. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuwasha sigara. Watu walishangilia, Idi akabebwa juu juu, Mama Saada akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Alishinda kiti kile baadaye, ndiyo. Uasi ulipofika mjini miaka michache mbele, waasi walimfuata kwa sababu ya kiti hichohicho, na hakurudi, na nilimlilia kwa moyo wangu wote kule Ubundu nilikokuwa nimekwenda baada ya eda. Sikuwahi kumchukia. Nilirudi Kisangani, nikaishi mji mmoja na Mariamu maisha yote, tukapikiana katika harusi na misiba, na siku ile hatukuizungumza. Nilingoja yeye aanze. Labda naye alingoja.

Mchana ule tulikula pamoja, wanaume sebuleni na sisi uani, lituma na samaki, na kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Niliketi katikati. Nilianza kupanga kichwani: cherehani irudi chini ya dirisha, Mariamu alale upande wa ukuta kwa sababu ya baridi. Jua liliposhuka kidogo, Idi alinawa mikono akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Bon. Sasa nyumba zote mbili ziko ndani ya mustari. Mtu anaweza kukaa anapotaka." Mama Saada akasema kule kuna bomba, na mgongo wake hauwezi tena kubeba maji. Wakaanza kukunja mikeka. Nilimwangalia Mariamu, na Mariamu akaangalia kuku. "Nitakuja kesho, wifi," akasema, "tutaongea muzuri." Nikamsaidia kumfungia mkeka wake, kwa sababu kamba ilikuwa ikimteleza.

Wakavuka barabara wakicheka, cherehani mbele, kinu nyuma. Nilibaki nimeketi penye joto la watu waliokuwa wamekaa. Haukupita muda nikasikia kandambili, mbio, zikirudi. Niliinuka nusu. Mlango ukafunguka na Mariamu akaingia akihema, bila mkeka, bila mzigo, mikono mitupu imenyooshwa kuja kwangu, na moyo wangu ulifunguka wote. Nikasema, "Nilijua." Akanipita. Amisi alikuwa amesinzia nyuma yangu, chini ya khanga, na kila mtu alidhani amebebwa na mwenzake. Mariamu alimwinua polepole asiamke, akamweka begani, akanishukuru kwa kumwangalia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwema na aliona nimechoka, aliuvuta mlango nyuma yake kwa mguu mpaka ukaingia, ili nisisumbuke kwenda kuufunga.